Zita na Mizinga ya Mahameni

Wanakijiji wa Rusenga walipomchagua Zita kwenda semina ya sheria, si wote waliompa kura kwa sababu ya akili zake. Wengine walitaka tu kijiji kipumzike kwa wiki mbili.

Zita alikuwa msemaji. Alisema kisimani, akasema shambani, na kwenye foleni ya duka la ushirika alisema mpaka muuzaji akampimia mtu chumvi badala ya sukari. Walimwita Redio, naye jina hilo hakulichukia hata kidogo. Alikuwa amezaliwa Kibimba, upande wa Ngara, akasoma kwa masista mpaka darasa la saba, kisha akaolewa Biharamulo na Novatus, fundi seremala ambaye aliweza kutengeneza kitanda kizima bila kufungua mdomo. Ndoa yao haikuwa na ugomvi wa maneno, maana maneno yote yalikuwa ya mmoja.

Miaka ya mwanzo walikaa porini, ambako kutoka nyumba moja hadi ya pili mtu angeweza kusali rozari nzima njiani. Kisha ikaja Operesheni ya mwaka sabini na nne, watu wakaambiwa wahamie pamoja kwenye kijiji cha ujamaa. Wapo waliolia kwa kuacha migomba iliyokuwa inaanza kuzaa na makaburi ya wazazi wao, na Zita alilia nao kwa dhati. Lakini asubuhi ya kwanza Rusenga alipotoka nje na kuona moshi wa jikoni kwa watu pande zote nne, alisimama pale mlangoni akatabasamu peke yake. Kabla jua halijawa kali alikuwa amekwishasalimia nyumba zote za mstari wao.

Alipewa darasa la kisomo cha watu wazima, na huko sauti yake ilifaa. Wazee waliokuwa wakisinzia katika madarasa mengine kwake hawakusinzia.

Semina yenyewe ilikuwa mjini Biharamulo, mwaka wa sabini na saba, vyama viwili vya siasa vilipoungana. Vijana wanaosomea sheria walikuwa wamekuja likizoni pamoja na mwanasheria mmoja kutoka Mwanza, Bwana Ndassa, kufundisha watu wa vijijini namna ya kuwasaidia wenzao katika mambo ya sheria bila malipo. Mwenyekiti wa Rusenga, ambaye kinywani mwake r na l zilikuwa kitu kimoja, alitangaza kwamba kijiji "kitapiga kula" kumpata mtu wa kwenda. Watoto wakacheka, watu wakapiga, akapita Zita.

Alisoma kwa moyo. Alijua kabla ya wengine masharti ya ndoa, haki ya mtoto, mpaka wa shamba, na safari ya kesi kutoka kwa balozi wa nyumba kumi hadi mahakama ya mwanzo. Kilichomshinda kilikuwa kitu kimoja, na Bwana Ndassa alikitaja siku ya kwanza.

"Mahakama ya mwanzo haina wakili," alisema. "Na nyinyi si mawakili. Kazi yenu ni kumsikiliza mtu mpaka amalize, kumweleza sheria inasemaje, na kumsaidia aseme ya kwake kwa kinywa chake. Akishaingia mahakamani, nyinyi mnakaa benchi la nyuma na kufunga mdomo."

Zita aliinua mkono. "Hata kama anasema vibaya?"

"Hata kama anasema vibaya."

"Na kama hakimu akiniangalia?"

"Mwangalie na wewe."

Darasa zima likacheka, lakini Zita alirudi nyumbani na neno hilo limemkaa kifuani kama muhogo uliomezwa bila maji. Kusikiliza mpaka mtu amalize. Alikuwa hajawahi kufanya hivyo maishani.

Alijifunza kidogokidogo. Mwanzoni watu walipomletea mashauri yao, aliyamaliza yeye kabla wenyewe hawajafika katikati, na mara mbili alimshauri mtu juu ya ugomvi ambao si wake. Mzee mmoja alimwambia kwa upole, "Binti yangu, mimi sijaja kwa sababu ya ng'ombe. Ng'ombe nilikuwa nakuelezea njia niliyopita." Baada ya hapo Zita alibuni dawa yake. Kila aliyekuja na shauri alimkuta anamenya mihogo, na mgeni alipoanza kueleza, Zita alijitia kipande kibichi mdomoni akatafuna polepole. Mpaka amalize kutafuna, mgeni naye alikuwa amemaliza kusema. Kuku na mayai waliyomletea kama shukrani aliyarudisha, kama alivyofundishwa, ingawa Novatus alimtazama kila kuku akiondoka kwa macho ya majonzi.

Basi ndivyo alivyokuwa Zita vita vilipokuja.

Mwezi wa kumi na moja mwaka sabini na nane redio zote zilikuwa na habari moja. Malori yalipita mchana kutwa kwenye barabara kuu kuelekea kaskazini, na wanawake wa Rusenga walitembea mpaka barabarani kuwapa vijana maji na viazi vya kuchemsha. Mgambo wa kijiji waliitwa. Kati yao alikuwemo Celestini, mwanamume mrefu mwenye mikono ya nguvu, aliyesifika eneo lote kwa asali. Mizinga yake ilitundikwa kule walikohama, kwenye mahame yao ya zamani ndani ya msitu wa miombo, na hakuna aliyekuwa na mizinga mingi kumpita. Alipanda lori akimpungia mkono mkewe Deodata, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi, aliyekuwa amembeba mtoto mgongoni na mwingine amemshika mkono.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata kijiji kilifanya mkutano wa hadhara wa kuchangia wapiganaji. Huyu alitoa mbuzi, yule gunia la muhogo mkavu. Kisha akasimama Leonidasi, kaka mkubwa wa Celestini, amevaa koti lake la kanisani.

"Mimi Leonidasi," alisema, "kwa niaba ya ukoo wetu, nitatoa madebe manne ya asali kwa vijana wetu walioko mbele."

Watu walipiga makofi mpaka viganja vikauma. Mwenyekiti alimshika mkono. Leonidasi alikaa chini uso unang'aa, na hakuna aliyegundua kwamba Deodata, katikati ya wanawake, hakupiga makofi. Leonidasi alikuwa mtu wa mbuzi. Hakuwahi kuwa na mzinga hata mmoja.

Wiki iliyofuata Deodata alikwenda mahameni akakuta kila mti wenye mzinga umechanjwa alama mpya kwenye gome, alama ya shemeji yake. Alipomuuliza, Leonidasi alimjibu bila hasira, kama mtu anayemweleza mtoto. Celestini hayupo. Mali ya mdogo wake inatazamwa na kaka. Na nyuki, tangu lini nyuki wakawa mali ya mwanamke? Mwanamke hapandi mti.

Deodata alikwenda kwa Zita. Zita alimkaribisha kwenye kigoda, akajitia muhogo mdomoni, akasikiliza. Safari hii muhogo uliisha mapema, maana Deodata alisema sentensi chache tu akanyamaza.

"Mizinga ni ya nani?" Zita aliuliza.

"Ni yetu. Mimi na mume wangu."

"Nani aliitundika?"

Deodata alitazama chini. Akachukua kisu, akaanza kumenya muhogo usio wake. Zita alikuwa na maswali kumi yanamsukuma ulimini, lakini alikata kipande kingine akatafuna.

"Nikikuambia utasema," Deodata alisema mwishowe.

"Sitasema."

"Wewe, Redio?"

Zita hakucheka. "Dada, haya ni mambo ya sheria. Nimefundishwa. Yanayosemwa hapa yanabaki hapa, hata mume wangu hayapati."

Deodata alitazama mlangoni, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Celestini anaogopa mti."

Zita aliacha kutafuna.

"Akifika usawa wa mlango miguu inatetemeka. Anakumbatia shina, macho anafumba. Mwaka tuliooana alijaribu nikamshusha kwa kumshika kisigino, nikimwonyesha mguu uweke hapa, uweke hapa. Mizinga yote nimepanda mimi. Kutundika mimi, kurina mimi. Tulikuwa tunakwenda alfajiri, tunarudi yeye amebeba ndoo, watu wanasema Celestini fundi. Hakunituma nifiche. Ila hakuna aliyeuliza, na sisi hatukusema."

"Basi kesi umeshinda," Zita alisema. "Sheria ya Ndoa inasema wazi, mke anaweza kuwa na mali yake, na jasho lake linahesabika. Utasimama mbele ya hakimu useme..."

"Sisemi." Deodata aliweka kisu chini. "Mwenzangu yuko vitani, Zita. Ana bunduki mkononi. Nisimame mahakamani niseme mume wangu anaogopa mti? Watamtungia nyimbo. Atarudi akute hata watoto wanaziimba. Heri asali ipotee."

Hapo Zita alikuwa na mengi ya kusema, na kila moja lilikuwa la maana. Lakini alimtazama yule mwanamke akaona kwamba hakuja kuambiwa. Akamwambia tu, "Uamuzi ni wako. Rudi kesho, au keshokutwa. Mimi nipo."

Kwanza, kama alivyofundishwa, alijaribu suluhu. Alimwendea Leonidasi nyumbani kwake, akapiga magoti kidogo kumwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Najua kilichokuleta."

Zita alieleza kwa adabu. Leonidasi alisikiliza akimkuna mbuzi kichwani.

"Sheria gani hiyo?"

"Sheria ya Ndoa ya mwaka sabini na moja, baba."

"Mimi nimeoa mwaka wa arobaini na sita," Leonidasi alisema. "Hainihusu."

Mwenyekiti naye hakusaidia. Alisema taifa lina vita na wao wanamletea nyuki, na tena asali yenyewe imekwishaahidiwa jeshi. Nani atasimama kupinga asali ya wapiganaji? Likabaki jambo la mahakama, kama Deodata angekubali.

Alirudi siku ya tatu. Zita hakumsukuma. Alimwomba tu kitu kimoja: amsimulie, kama hadithi, walivyotundika mzinga wao wa kwanza, tangu kuuchonga mpaka nyuki walipoingia. Deodata alisimulia, na kadiri alivyosimulia uso wake ulifunguka. Gogo walilokata pamoja. Celestini alivyolichonga ndani mpaka likawa jepesi. Yeye Deodata alivyopanda na ncha ya kamba kiunoni, akaipitisha juu ya tawi, na Celestini kule chini akavuta, akavuta, mzinga ukapanda unazunguka hewani kama kitu kinachocheza.

"Mzinga ule mzito," alisema. "Mimi peke yangu nisingeuinua hata hatua mbili. Ni mkono wake."

Alinyamaza. Zita pia alinyamaza, na safari hii hakuwa na muhogo mdomoni.

"Nitasema hivyo," Deodata alisema polepole. "Mimi nilikuwa juu, yeye alivuta kamba. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli tupu."

"Na hayo mengine hakuna atakayeniuliza."

"Akikuuliza?"

"Nitaona."

Walifanya mazoezi shambani, kati ya matuta ya viazi. Zita alikuwa hakimu, akikaa juu ya kikapu kilichopinduliwa na kukunja uso, na jogoo wa jirani alikuwa mzee wa baraza. Deodata alijifunza kuanza na jina lake, kusema taratibu, kumtazama hakimu usoni, na kutojibu Leonidasi akimchokoza bali kuomba ruhusa kwanza. Siku za mwanzo sauti yake haikufika hata kwa jogoo. Mwishoni alimkatiza Zita mwenyewe: "Mheshimiwa hakimu, naomba nimalize." Zita alifurahi sana mpaka kikapu kikavunjika.

Kijiji chote kilijua kuna siri, kwa sababu Zita alikuwa kimya. Kisimani wanawake walimchokoza. "Redio, vipi leo, betri zimekwisha?" Aliinua ndoo yake akaenda zake. Novatus alianza kuwa na wasiwasi, akamuuliza kama anaumwa, na hilo lilikuwa swali refu kuliko yote aliyowahi kumuuliza.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa nne, mvua ikipiga bati la mahakama. Hakimu alikuwa mtu mnene, mcheshi kidogo, aliyefuta jasho hata siku ya baridi. Kulia na kushoto kwake walikaa wazee wa baraza wawili, mmoja wao Mzee Anatoli, aliyekuwa mrina asali tangu ujana wake. Zita alikaa benchi la nyuma, mikono ameibana katikati ya magoti.

Leonidasi alisema vizuri. Aliongea juu ya mila, juu ya ndugu yake aliyeko vitani, juu ya asali ya jeshi. Kisha akageuka. "Muulizeni huyu shemeji yangu, nani katika Rusenga yote amewahi kumwona juu ya mti."

Deodata aliomba ruhusa, akapewa.

"Hakuna aliyeniona," alisema. "Tulikuwa wawili tu. Mimi nilipanda, mume wangu alivuta kamba. Mzinga haupandi wenyewe, mheshimiwa."

Watu walinong'ona. Hakimu alifuta shingo. "Sasa nieleze. Yeye mwanamume, wewe mwanamke. Kwa nini wewe ndiye uwe juu na yeye chini?"

Zita alisogea ukingoni mwa benchi. Alijua jibu la kweli, lililonyooka, na alijua Deodata hatalitoa. Alibana mikono zaidi.

"Yeye ana nguvu, mimi ni mwepesi," Deodata alisema. "Wewe mheshimiwa ungemweka nani juu?"

Hakimu alitazama tumbo lake. Wazee wa baraza walitazama tumbo la hakimu. Aliyeanza kucheka alikuwa hakimu mwenyewe, na mahakama nzima ikafuata mpaka karani akagonga meza.

"Mimi ningebaki chini," hakimu alikubali. "Lakini maneno ni maneno. Mahakama itakwenda kuona."

Walikwenda mwezi wa tano, njia zilipokauka. Hakimu alisukuma baiskeli mpaka njia ilipoishia, kisha akaendelea kwa miguu akihema. Nyuma yake nusu ya Rusenga, pamoja na mwenyekiti, ambaye alisema amekuja kulinda amani. Mahameni nyasi zilikuwa zimefunika misingi ya nyumba za zamani. Watu walitafuta kwanza mahali pao, huyu akionyesha jiwe la kusagia alilosahau, yule akikuta mpapai aliopanda umezaa, na hakimu alilazimika kuwaita mara mbili kabla hawajakusanyika chini ya mti mkubwa wa mninga wenye mzinga juu kabisa.

Deodata alifungua kitenge. Ndani alikuwa amevaa suruali ya mumewe, imefungwa kamba kiunoni. Aliwasha mwenge wa magome, akautikisa mpaka ukatoa moshi badala ya moto, akauning'iniza mgongoni. Kisha akausogelea mninga, akaugusa shina kwa kiganja kama mtu anayemsalimia ng'ombe wake, akapanda.

Alipanda bila haraka, kidole cha mguu kikitafuta kifundo, goti likibana, mkono ukifika mahali panapojulikana. Kabla hakimu hajamaliza kufuta jasho, alikuwa amekaa kwenye tawi kando ya mzinga, miguu inaning'inia, moshi unapanda. Akauliza kutoka kule juu kama mahakama inataka aufungue.

"Hapana, hapana," hakimu alisema haraka. "Mahakama imeona."

Mzee Anatoli alikuwa ametoa kofia. "Hivyo ndivyo mtu anavyopanda mti wake," alisema.

Leonidasi alisimama mdomo wazi. Na Zita, aliyekuwa amenyamaza tangu mwezi wa kwanza, aliyeficha siri kwa mumewe, kisimani, hata kanisani, alishindwa. Alimgeukia Leonidasi, akavuta pumzi, akafungua kinywa kusema alichokuwa amekiweka muda wote huo.

Nyuki mmoja, aliyeshuka kutoka kwenye moshi, alimchoma mdomo wa juu.

Alichokuwa anataka kusema hakikujulikana. Mdomo ulivimba palepale mpaka ukagusa pua. Novatus alimtazama mkewe, akajaribu kujizuia, akashindwa, akakaa chini kwenye nyasi akicheka mpaka machozi. Watu wa Rusenga hawakuwahi kumsikia akicheka. Wakamcheka yeye anavyocheka, na Leonidasi naye, bila kupenda, akajikuta anacheka. Deodata alishuka akampaka Zita utomvu wa jani fulani, akamwambia anyamaze.

Hukumu ilisomwa siku chache baadaye. Mizinga ni ya Deodata na mumewe kwa jasho lao wote wawili, na mume asipokuwepo mke ndiye mwenye kuisimamia, si kaka wala ukoo. Kuhusu ahadi ya madebe manne, hakimu alisema hayo ni ya Leonidasi na kijiji chake, ila kwa maoni yake mtu huahidi kilicho chake.

Zita alitoka mahakamani akiwa mwepesi kama aliyetua mzigo wa kuni. Lakini Leonidasi alibaki amekaa kwenye ngazi peke yake, koti la kanisani limekunjwa magotini. Kijiji kizima kilikuwa kimempigia makofi. Sasa angesema nini? Zita alimwona, akamwonea huruma. Kabla hajajua la kufanya, Deodata alimpita akaenda kusimama mbele ya shemeji yake.

"Shemeji," alisema, "mwezi ujao narina. Hayo madebe manne nitayatoa mimi, yaandikwe jina langu na la Celestini. Lakini ni mazito, na mvuta kamba wangu hayupo. Utakuja kunibebea?"

Leonidasi aliinua uso. "Nyuki wale hawataniuma?"

"Ukinyamaza hawatakuuma."

Wote wawili walimtazama Zita, ambaye mdomo wake ulikuwa bado haujarudi sawasawa.

Mwezi wa sita Leonidasi alibeba debe la asali kichwani kutoka mahameni hadi ofisi ya kijiji, akarudi kwa la pili. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini vijana walikuwa hawajarudi, na lori lililokwenda kaskazini lilichukua asali ile pamoja na mihogo na mbuzi. Mwenyekiti alisoma majina kwenye mkutano, akatamka vizuri la Deodata, akatamka Celestini "Ceresitini", watu wakapiga makofi vilevile.

Celestini alirudi baada ya mavuno ya ufuta, amekonda, amechomwa na jua, mzima. Kesi aliisikia barabarani kabla hajafika nyumbani. Walimwandalia pombe ya ndizi, na watu walipokwisha kunywa kidogo mmoja akamwomba aeleze habari za vita. Celestini alifikiri.

"Nitawaeleza jambo moja," alisema. "Tulifika mahali, afande akasema, wewe mrefu, panda mti ule utazame mbele. Nikamwambia afande, nipe kazi nyingine yoyote. Akasema panda. Nikapanda. Kunishusha walikuja watu wawili." Alimgeukia mkewe. "Mmoja alinishika kisigino, kama huyu."

Kicheko kikapasuka uwanja mzima. Celestini alicheka kuliko wote. Deodata alificha uso kwa kitenge, mabega yanatikisika, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka mpaka alipoufunua.

Novatus alimgeukia Zita. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Novatus alitikisa kichwa. Siku hiyo alimwita mkewe mwanasheria, na hakumtania.

Baada ya hapo watu walianza kuja kwa Zita kutoka mbali, hata Nyakahura, wengine na mambo ambayo wasingemwambia hata padre. Walisema anajua kunyamaza. Alipata wenzake wawili wa kusaidiana, na Deodata akawa mmoja wao, kwa kuwa watu wenye aibu walimtaka mtu wa maneno machache.

Mwaka wa themanini alialikwa nyumbani kwao Ngara, kwenda Kanazi kuwaeleza wanawake na wanaume juu ya ndoa na mashamba. Alianza kwa Kiswahili cha semina, akaona macho yanalala, akageukia Kihangaza, macho yakaamka. Mama yake mzazi, Nyirabahizi, alikuwa ametoka Kibimba kwa miguu akakaa mbele kabisa. Aliitikia kila sentensi kwa kichwa na kuwatazama majirani wa kulia na kushoto kuhakikisha wanajua huyo ni mtoto wa nani.

Zita alilala kwa mama yake usiku ule akiwa na furaha. Asubuhi aliamka akakuta wanawake watatu uani, wamekwishakaa, na mama yake anawafundisha sheria. Alisikiliza kidogo akiwa nyuma ya mlango. Mama alikuwa amefika mahali pa kusema kwamba kwa sheria mpya mwanamume akirudi amelewa siku ya kazi anapaswa kuosha vyombo vya nyumba nzima, na mke asiulizwe.

"Mama," Zita alisema akitoka nje, "hiyo sheria haipo."

"Haipo?"

"Haipo kabisa."

Wale wanawake walitazamana. Mmoja wao, aliyekuwa amekuja na mtoto mgongoni, alimsogezea Zita kigoda.

"Kaa kwanza, dada," alisema. "Tueleze zilizopo. Lakini hiyo ya vyombo usiifute, tutaipeleka sisi wenyewe nyumbani."